Mpira Usio na Refa

Columbus, 20 Septemba 2015

Kwako Salvatori, mwalimu wangu wa mpira na wa kunyamaza,

Umesema nisikupigie simu tena, nikuandikie. Haya, nimeandika. Nimenunua bahasha na stempu, na binti yangu Gloire amesimama nyuma yangu ananicheka: "Dad, nobody writes letters." Nimemwambia baba yake mdogo wa Louisville siku hizi anataka barua kama waziri, na sisi raia kazi yetu ni kutii. Mama yake, Charlotte, naye anasema labda umepata mchumba asiyependa kelele zangu. Kama ni hivyo sema tu, nitamtumia salamu.

Lakini ndugu yangu, lile la simu limeniuma. Mwisho wa Agosti nilikupigia nikiwa bado kwenye ngazi za kanisa, nikapiga kelele, "Salva, tumekubaliwa!" Kabla sijasema neno la pili simu ikakatika. Nikapiga tena, kimya. Nikajisemea, bon, mwenzangu analia kwa furaha, nimwache alie. Wiki ikapita, ndipo ukaniletea ujumbe: usinipigie, andika. Asante hakuna, hongera hakuna. Donc, basi, yale niliyotaka kukuambia siku ile nayaandika sasa, na mengine utakuwa unayajua, uyavumilie.

Khem nilishakutajia. Ni jirani yangu, watu wake walifukuzwa Bhutani, naye akakulia kambini Nepali kama sisi tulivyokulia kambini Kasulu. Siku ya kwanza alipotukuta tunacheza nne-nne kwenye kiwanja cha huku mtaani Clintonville aliuliza refa yuko wapi. Nikamwambia mchezo huu ni watu wanne kwa wanne, magoli madogo, golikipa hakuna na refa hakuna. Anayecheza rafu anainua mkono mwenyewe, na asipoinua, timu yake yenyewe inamtoa. Khem alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Basi Nshombo wa timu yetu akamkwatua mtu, akasimama palepale na mkono juu: "Ni miye njo nilimupiga." Mpira ukawekwa, mchezo ukaendelea. Khem akaacha kucheka.

Baba yake bado yuko kule kambini, wilaya inaitwa Jhapa. Waliobaki wamegawanyika. Kuna wanaosubiri ndege ya kuja huku, na kuna walioapa kwamba wakitoka pale ni kurudi kwao Bhutani tu. Kila mashindano ya mpira yanaishia kwenye fimbo, kwa sababu refa siku zote ni wa upande mmoja. Unaona? Ni sisi kabisa, Warundi na Wakongo, kabla hujasimama siku ile katikati ya kiwanja ukainua mkono wa kwanza na watu wote wakadhani umepata jua la kichwa.

Sasa kanisa moja la hapa Clintonville limekuwa likiikusanyia Nepali misaada tangu tetemeko la Aprili, na mchungaji amekubali kupeleka watu wawili mwezi wa kwanza wakaufundishe mchezo. Khem kwa ajili ya lugha, na mwenye mchezo. Mwenye mchezo ni wewe. Mimi uraia wangu bado uko mbali, wewe umeshafaulu mtihani na unangoja kiapo tu. Tena unanijua, mimi sijawahi kuinua mkono tangu nizaliwe. Nikienda mimi, Nepali yote itajaa wabishi.

Niambie basi: kiapo lini? Pasipoti utaiomba siku ileile? Na unieleze kanuni zote vizuri, Khem anataka kuzitia katika Kinepali.

Ni mimi ndugu yako asiye na kosa,
Masumbuko


Louisville, 4 Oktoba 2015

Ndugu yangu Masumbuko,

Barua yako imefika, nami nimecheka uliponiita waziri. Mchumba hakuna. Simu yangu ina matatizo, na hata isingekuwa nayo, wewe kwenye simu huniachi nimalize sentensi. Kwenye karatasi angalau nitafika mwisho.

Mwambie Khem hivi. Kiwanja kiwe kidogo, mtu aweze kusikia pumzi ya mwenzake. Goli ni mawe mawili, hatua moja ya mtu mzima katikati. Kuhusu mkono, hapo ndipo watu hukosea wakidhani ni adabu tu. Mkono uinuliwe kabla aliyeanguka hajanyanyuka. Akinyanyuka kwanza, umechelewa, huo si mkono tena, ni aibu. Mtu hamwinulii mwenzake, hata kama ni mdogo wake. Na mkono ukishainuliwa hakuna anayeruhusiwa kuuliza kwa nini au kutukana. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Siku ile ya kwanza niliinua kwa sababu yule kijana wa kwenu alikuwa chini anashika goti na watu walikuwa wanaokota mawe. Sikuwa jasiri. Niliona tu kwamba kama mtu mmoja asiposema, tutauana kwa ajili ya mpira wa matambara.

Kuhusu kiapo, walinipa tarehe kisha wakaiondoa. Serikali ina mwendo wake. Nakuomba Khem aanze kujizoeza kufundisha mwenyewe, huwezi kujua la kesho. Si kwamba nimekataa. Nasema tu.

Msalimie Charlotte, na Gloire asikucheke sana.

Salvatori


Louisville, 6 Oktoba 2015

Kwa dada yangu mpendwa Spés,

Najua umenipigia mara nyingi na una hasira. Dada, siwezi kupokea simu. Ikilia tu naizima. Nakuandikia haya, lakini kwanza niahidi mbele ya Mungu hutamwambia mtu, na zaidi ya wote usimwambie Masumbuko.

Mwisho wa Agosti nilimgonga mtu na gari. Nilikuwa naenda kazini mchana, kwenye barabara ya Preston. Simu ikalia, nikaona jina la Masumbuko, nikajua ni jibu la Nepali. Nilikuwa nimelingoja hilo jibu mpaka usingizi ulikuwa umenikimbia. Nikapokea. Nikasikia neno moja, tumekubaliwa. Nilifurahi, dada. Nilifumba macho kidogo tu, kama mtu anayesema asante. Nilipofumbua, bibi mmoja alikuwa mbele ya gari.

Hakufa. Nyonga imevunjika. Polisi walipokuja, mtu wa kituo cha mafuta alisimulia kwamba yule bibi alivuka taa ikiwa imemkataza. Polisi akaniuliza kama mimi ni mzima, akatazama leseni yangu, akanirudishia. Alikuwa ameshanipa mgongo. Lakini bibi alikuwa bado chini, watu wa ambulansi hawajamnyanyua, na nilimwona anatafuta kiatu chake kwa mkono. Nikainua mkono wangu juu.

Polisi aligeuka akashika bastola. Nikasema kwa Kiingereza changu kwamba ni mimi, nilikuwa na simu, nilifumba macho. Mkono sikuushusha mpaka aliponiambia.

Sasa nina kesi ya kuendesha kwa uzembe na kumuumiza mtu. Mwanasheria niliyepewa ni binti mdogo, mpole, ana faili nyingi kuliko meza yake. Alisoma maelezo yangu akashika kichwa. Akaniambia, "Lakini hakuna aliyekuuliza." Nikamjibu kwamba kwetu hatungoji kuulizwa. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Kiapo cha uraia kimesimamishwa mpaka kesi iishe, na kesi wanaisogeza mbele kila tunapofika. Bila kiapo hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna Nepali.

Hilo la Nepali naweza kulimeza. Linalonitesa ni jingine. Nimekatazwa kwenda kumwona yule bibi. Nisiende, nisiandike, nisimtume mtu, kwa sababu pole yangu itageuzwa ushahidi. Kwetu ningekuwa nimeshafika na sukari na unga, nikakaa mlangoni mpaka wanifukuze au wanikaribishe. Hapa nimefungwa mikono na watu wanaosema wananisaidia.

Masumbuko akijua kwamba ni simu yake, hatapona. Hajawahi kuinua mkono maishani, nisiwe mimi wa kumlazimisha.

Wewe unatunza wazee, dada. Niambie ukweli, mtu wa umri ule akivunjika nyonga inakuwaje?

Mdogo wako,
Salvatori


Buffalo, 15 Oktoba 2015

Salvatori mdogo wangu,

Barua yako nilikuwa nayo mkobani, nikaifungua dukani kule Grant Street nikisubiri kupimiwa ndagala, wale dagaa wa kwetu. Mwenye duka alidhani nimefiwa. Nilitoka bila ndagala na bila chenji, na mpaka leo sijarudi kuvichukua kwa aibu.

Nikugombeze kwanza ndipo niseme mengine. Nani alikuambia barabara ni kiwanja? Polisi si mchezaji mwenzako. Mkono mweusi ukinyanyuka ghafla katika nchi hii, huoni kila siku kwenye televisheni mambo yanayotokea? Mama alituvusha mto Malagarasi sisi wawili, mmoja mgongoni mmoja mkononi, ili uje kupigwa risasi Louisville kwa sababu ya heshima? Nimemaliza. Hapana, sijamaliza, lakini nitaendelea nikikuona.

Umeniuliza kuhusu nyonga. Sitakudanganya. Wengine hutembea tena wakishikilia kile kigari chao cha chuma. Wengine hutoka hospitali wakaletwa kwetu kwenye nyumba ya wazee, na nyumbani kwao hawarudi tena. Kuna bibi mmoja ninayemwogesha, nyonga yake ilivunjika alipoteleza jikoni. Tangu nisome barua yako namwogesha polepole kuliko wengine wote. Wenzangu wananiuliza, "Spés, huyu ni nani yako?"

Mtii huyo binti mwanasheria. Usiende kwa yule bibi. Najua moyo unakuvuta, hata mimi nimewaza kupanda basi nije nimwombee radhi mwenyewe, kisha nikakumbuka nami nitageuzwa ushahidi. Tumwombee tu kutoka hukuhuku.

Lakini Masumbuko mwambie. Mficha uchi hazai. Ukimnyima ukweli, atajaza pengo kwa maneno yake mwenyewe, na wewe unamjua Masumbuko kwa maneno. Mimi nimeahidi na nitakaa kimya. Usinifanye nijute.

Dada yako,
Spés


Columbus, 22 Novemba 2015

Salvatori,

Leo sina utani.

Tulikaa kikao kanisani. Mchungaji akauliza pasipoti yako iko wapi ili wakate tiketi. Nikasema inakuja. Akauliza kiapo ni lini. Nikasema karibu. Wote wakanitazama. Nilikutetea mpaka mdomo ukakauka, na sina hata kitu kimoja mkononi isipokuwa barua yako inayosema "serikali ina mwendo wake". Khem yeye aliapa, na faili zenu zilitofautiana ofisi tu. Kila mtu anaapa isipokuwa wewe?

Basi wamemleta mtu mwingine. Ni kocha wa shule ya Jumapili, kijana mzuri, ana filimbi shingoni hata akiwa ndani ya nyumba. Amesoma kanuni zako, akasema ile ya mkono inagusa moyo, lakini kwenye mashindano haiwezi kusimama, lazima awepo refa. Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba mkono ndio mchezo wenyewe, hayo mengine yote ni mbio tu. Nilisimama, Salva, na Kiingereza kikaniishia kinywani. Nikasema, "No whistle. Please, no whistle." Wakatabasamu kwa huruma, wakapiga kura. Nshombo alikuwa karibu yangu, akanivuta koti nikae.

Ungekuwepo wewe ungewaeleza. Wewe ndiye mwenye maneno machache yanayoeleweka. Mimi nina mengi yasiyofika.

Charlotte anasema, "Huyu mutu iko na kitu anaficha." Mimi nasema hafichi kitu. Ameshakuwa Mmarekani kabla ya kuapa. Amepata kazi nzuri, amechoka na habari za kambi, na anaona aibu kusimama mbele ya watu wa kambi nyingine na kusema mimi nilikuwa kama nyinyi. Nilikupigia simu nikiwa na furaha kuliko siku Gloire alipozaliwa, ukanikatia.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mwanamume huinua mkono. Basi inua. Sema umeogopa, au sema umetudharau. Chagua moja.

Masumbuko


Louisville, 1 Desemba 2015

Masumbuko,

Siendi. Khem aende na kocha. Ukiweza kuwashawishi waiache filimbi, washawishi, lakini usigombane nao.

Usinitetee tena kwa mtu yeyote.

Salvatori


Buffalo, 17 Januari 2016

Kwa Masumbuko,

Mimi ni Spés, dada yake Salvatori. Tulionana mara moja kambini kwenye maziko ya mama, wewe ulikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Kwa ajili ya siku hiyo nakuandikia kwa heshima, ingawa sijisikii kuwa na heshima.

Jana nilikuwa kwenye harusi ya Nadine, binti wa watu wetu wa kambini, hapa East Side. Nimekaa na sahani yangu, wanawake wa meza ya jirani wakaanza kusema kwamba kuna Mrundi wa Louisville aliyewatupa wenzake, safari ya kanisa ikamharibikia kwa sababu ya maringo. Nikauliza mmesikia wapi. Wakasema kwa Masumbuko wa Columbus. Masumbuko, niliiacha sahani mezani nikatoka.

Nilimwahidi mdogo wangu kwamba nitanyamaza. Leo navunja ahadi, na akasirike.

Simu uliyompigia siku ile haikukatwa. Alikuwa anaendesha gari. Alisikia neno lako moja, akafumba macho kwa furaha, akamgonga bibi mzee akamvunja nyonga. Polisi walikuwa tayari kumwachia aende, maana bibi ndiye aliyevuka vibaya. Mdogo wangu akainua mkono. Ndiyo, ule wa mchezo wenu. Aliinua na bibi akiwa bado chini, kama kanuni inavyosema, na kwa mkono huo wamemfungulia kesi, na kwa kesi hiyo wamemzuilia kiapo. Hiyo ndiyo pasipoti unayoiuliza kwenye vikao.

Hakukuambia kwa sababu ni simu yako. Aliniandikia hivi: Masumbuko hajawahi kuinua mkono maishani, nisiwe mimi wa kumlazimisha. Amekubali umwite mwoga, msaliti na Mmarekani, ili wewe ulale vizuri.

Sasa unajua. Siwezi kukuambia ufanye nini kwa sababu na mimi sijui. Mimi natunza wazee wa watu hapa, yeye anahesabiwa huko kama mhalifu, na kati yetu kuna majimbo. Lakini angalau pale Columbus, kwenye hayo makanisa na harusi, rudisha jina lake.

Spés


Columbus, 14 Februari 2016

Ndugu yangu Salva,

Barua ya dada yako niliisoma garini, nje ya bohari, kabla ya kuingia kazini. Sikuingia. Niliwasha gari nikaja kwako. Nilifika Cincinnati, nusu ya njia, nikasimama kununua maji, na pale nikajiuliza nitabisha hodi nikisema nini. Maneno yangu yote uliyasikia kwenye barua ya Novemba. Nikageuza gari. Charlotte aliponiona mlangoni aliniwekea ugali tu.

Jumapili nilisimama kanisani kwetu, nikawaambia watu kwamba nilikusema vibaya na kwamba haukuwa ukweli. Sikueleza zaidi. Nshombo alilia, mimi sikuweza. Kule Buffalo nimempigia baba yake Nadine naye atawaambia wale wanawake. Kwamba watasikia siwezi kuahidi, maana unajua uongo unavyotangulia.

Khem amerudi. Lazima nikuambie, hata kama itakuuma, kwa sababu kufichana kumetosha. Mchezo umefika Nepali. Unachezwa nyuma ya shule ya kambi, magoli madogo, wanne kwa wanne, na watu wamejaa. Refa yupo, na filimbi ipo, na siku ya kwanza tu wakabishana refa ni wa upande gani. Kule hawauiti nne-nne. Wanauita Clintonville, kwa kuwa jina hilo lilikuwa limeandikwa kwenye fulana walizogawiwa. Nilicheka nilipolisikia, kisha nikatoka nje.

Siku moja kocha aliugua tumbo, Khem akaona ndiyo nafasi. Akawaeleza kanuni ya mkono, kwa lugha yao, neno kwa neno kama ulivyoandika. Wakamsikiliza vizuri. Wakaanza. Mtu akamkwatua mwenzake vibaya kabisa, aliyeanguka akalala chini, na wote wakasimama wakangoja. Khem anasema palikuwa kimya mpaka alisikia kuku wa jirani. Hakuna aliyeinua. Kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake aanze. Mwishowe aliyeanguka akanyanyuka mwenyewe, akaokota jiwe. Khem aliniambia, "Masumbuko, kanuni walizielewa zote. Hapakuwepo tu mtu wa kuinua wa kwanza." Baba yake alikuwa amekaa pembeni, naye akauliza mwenye mchezo kwa nini hakuja. Khem alimjibu kwamba unaumwa. Ndivyo nilivyokuwa nimemwambia aseme, wakati ule nikiwa na hasira na wewe, ili nisiaibike mimi.

Salva, nainua mkono. Mimi ndiye niliyepiga. Sikuuliza uko wapi, sikuuliza kama unaendesha, nilipiga kelele tu kama kawaida yangu. Najua yule bibi ameshanyanyuliwa siku nyingi. Nimechelewa, na kwa kanuni yako huu si mkono tena, ni aibu. Lakini ndio nilio nao. Uniambie basi niende wapi nao, kwa mwanasheria, kwa jaji, kwa nani, nikaseme ilikuwa simu yangu. Nimeuliza watu hapa, wananiambia haitasaidia kitu.

Masumbuko


Louisville, 20 Machi 2016

Ndugu yangu Masumbuko,

Shusha mkono. Mtu hamwinulii mwenzake, nilikuandikia tangu mwanzo. Wewe ulileta habari njema. Aliyefumba macho ni mimi.

Dada alivunja ahadi yake, nami nilimkasirikia siku kadhaa, kisha nikaona kwamba siku hizi nalala usiku. Kwa hiyo hasira zimeniisha.

Kesi imekwisha wiki iliyopita. Mwanasheria alipatana na upande wa serikali, nikakiri kosa, sifungwi. Nitakuwa chini ya uangalizi, naripoti kwa ofisa kila mwezi. Uraia nitauomba upya huko mbele, mbele sana, na hata hapo wanaweza kukataa. Kazini hawajanifukuza, gari nimeshaliuza, naenda kwa basi. Ndivyo ilivyo. Hakuna mlango mwingine wa kubisha, nimezunguka yote.

Nikusimulie jambo moja la pale mahakamani. Karani aliniambia niinue mkono wa kulia nile kiapo. Unajua huo mkono nilikuwa nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo tangu mwezi wa saba, kwa ajili ya kile kiapo kingine. Uliinuka wenyewe, umenyooka vizuri. Nikakaribia kucheka.

Kisha nikamwona yule bibi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu mstari wa mbele, binti yake pembeni. Nilikuwa nimeishi naye kichwani miezi yote hii. Nilijua kiatu chake, nilijua alivyokuwa anakitafuta. Nilikuwa nimepanga uso gani nimwonyeshe akinitazama. Alitazama upande wetu, tulikuwa watu wengi tunaongoja kesi zetu, macho yake yakapita juu yangu kama juu ya ukuta. Akamwuliza binti yake kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Ni yupi?"

Hanijui, Masumbuko. Sikuruhusiwa kwenda kwake, sikuruhusiwa kumwandikia, sikuruhusiwa kusema naye hata pale. Nikainua mkono ili anione. Askari wa mahakama akaniambia niushushe, nikaushusha. Sijui kama aliona.

Kuhusu Nepali, mwambie Khem asijilaumu. Na mimi siku ile kambini sikujua kama kuna atakayeinua wa pili. Ulipita muda mrefu sana kabla ya yule wa pili, nadhani umesahau. Kama wanauita Clintonville, waache wauite. Wamshukuru mchungaji kwa fulana.

Kitu kimoja nakuomba, na ukikifanya sitakuomba kingine. Nipigie simu. Jumapili, baada ya ibada, nitakuwa nimekaa jikoni kwangu kwenye kiti, sina gari, sina ninakokwenda. Usinisalimie kwanza. Anza kama ulivyoanza siku ile, kwa kelele zilezile, sema tumekubaliwa, halafu endelea. Sikuwahi kusikia yaliyofuata.

Ndugu yako,
Salvatori